Nyundo Kwenye Goti Langu

Kwetu Kongwa, siku ya kupiga ng'ombe chapa, mwenye zizi ndiye anayeshika pembe. Akishindwa, anayeshika ni mwanawe, na kuanzia hapo zizi ni la mwana, hata kama hakuna anayetamka. Zizi langu nililianza na mitamba wawili, shule nimeiacha darasa la pili. Mwaka mmoja dume alinibwaga. Goti la kulia lilikataa, nikalala kwenye mavi mbele ya watu.

Mwanangu akasema, "Baba, pumzika. Mwakani nashika mimi."

"Mwakani utashika mkia."

Hospitalini Dodoma daktari alikuwa binti mdogo. Akanionyesha picha: goti limelika upande wa ndani tu, mfupa unasaga mfupa.

"Hatutoi goti lote, babu. Tunapasua padogo, tunabadilisha upande huo mbovu, mwingine tunauacha."

"Nitashika dume?"

"Utatembea bila maumivu. Dume sikushauri."

"Sikuomba ushauri."

Wakanichoma sindano ya mgongo. Miguu ikafa, masikio yakabaki. Nyuma ya pazia nikasikia msumeno ukiingia mfupani, mlio uleule wa buchani. Nimechinja maisha yangu yote, harufu ya mfupa unaokatwa naijua, ila siku hiyo mfupa ulikuwa wangu. Kisha nyundo. Ko! Ko! Meza ikatikisika, meno yakagongana.

"Mnajenga banda?"

"Tulia babu, natia chuma." Akapiga tena. Kale kabinti kana mkono!

Ganzi ilipoisha nilitukana kila mtu, hata mke wangu. Kesho yake akaja kijana wa mazoezi, akalikunja goti huku nikiuma shuka.

"Tukana tu mzee, lakini kunja."

Nikakunja, miezi yote, mpaka msimu wa chapa. Nikaingia zizini na fimbo, nikaitupa. Dume mwekundu akaja kichwa chini. Nikamdaka pembe, akanisukuma hadi kwenye miiba ya boma, pembe moja ikanichana ubavu, shati likalowa damu. Nikakita mguu wa kulia. Goti likasimama. Chuma cha moto kikalia kwenye ngozi, moshi ukanijaa machoni, dume akanguruma, nami nikanguruma.

"Baba, ubavu unavuja damu!"

Sauti ilitoka nyuma ya dume. Mwanangu alikuwa ameng'ang'ania mkia kwa mikono miwili.

"Mbavu hospitalini hawakunipasua," nikamwambia. "Lete mwingine."