Moto wa Udi wa Nyumba ya Hau

Hau Miu-kuen hakuolewa, na wala hakumwomba mtu radhi kwa hilo. Kila alfajiri kwa miaka thelathini na mmoja aliamka, akafuta vumbi kwenye vibao vya majina ya wahenga, akawasha vijiti vitatu vya udi. Vitatu, basi. Pak-hei, mtoto wa kaka yake, alipokuwa mdogo alishika vinne siku moja, akachapwa mkono papo hapo.

"Vinne ni vya kuwaita wafu wasio na kwao, mjinga wewe! Unataka waingie walale na sisi?"

Pak-hei akakua, akahamia mjini Kowloon, akawa haonekani kijijini ila siku ya kusafisha makaburi. Mwaka alipozikwa baba yake, ghafla akaanza kuja kila wiki. Haketi, chai hanywi. Anapima madirisha, anagonga kuta, anaandika.

"Unatafuta nini humu?"

"Hamna kitu, Shangazi. Naangalia tu."

Naangalia tu! Tangu siku hiyo uji ukawa haumshuki Miu-kuen. Alijua kuna jambo linakuja, ila hakujua litaingilia mlango gani.

Likaingia kwa barua. Zamani baba yake Miu-kuen aliiweka nyumba ile chini ya hati ya amana, na hati ilisema ikae na "yule anayeendeleza moto wa udi wa nyumba hii." Sasa wadhamini wawili wa hati hawakuelewana ni nani huyo, wakaenda kumuuliza jaji.

"Hapo kuna kesi gani?" Miu-kuen akamwambia wakili wake. "Moto nauwasha mimi. Hata masizi ya darini ni yangu!"

Wakili hakucheka. "Bi Hau, wazee wakisema moto wa udi, mara nyingi wanamaanisha uzao wa kiume."

Mahakamani, wakili wa Pak-hei alikuwa na sauti laini, sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Hiyo ndiyo iliyomtia Miu-kuen hofu.

"Bi Hau, hakuna anayebisha kwamba udi unauwasha wewe. Nauliza tu, siku ukifa, jina lako litawekwa pale kwenye vibao?"

Akaliona shimo. Lakini kusema uongo juu ya wahenga, jamani, hakuweza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Binti hawekwi pale."

"Litakaa wapi?"

"Hekaluni. Pamoja na wengine wasio na mume."

"Na la Pak-hei?"

"Pale nyumbani," akasema.

"Asante sana, Bi Hau." Wakili akaketi.

Wiki tatu baadaye jaji akasoma hukumu. Baba alimaanisha uzao wa kiume. Nyumba ni ya Pak-hei, na shangazi ahame katika siku ishirini na nane. Miu-kuen alihisi uchungu mpaka kwenye meno. Miaka yote ile, kumbe alikuwa akiwashia watu moto wao!

Siku ya mwisho Pak-hei alikuja asubuhi, kavaa suti. Wadhamini walikuwa uani, wakingoja kuona moto ukiendelezwa. Akasimama mbele ya vibao, akakuna kichwa.

"Shangazi, vijiti vingapi vile?"

"Muulize jaji."

"Aa, Shangazi nawe! Bado umenuna?" Akacheka, akachomoa vilivyokuja mkononi, akaviwasha, akainama.

Miu-kuen akavihesabu. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe, kama siku ile ya kumchapa.

Akaushusha. Akachukua begi lake, akatoka, na mlango akauacha wazi.