Mashine Iliyokataa Kuzima

Mwaka ule macho ya mama yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu. Tulikaa wawili mtaani Satellite, kwenye ploti aliyotuachia baba, na nyasi za nyuma ya nyumba zilikuwa kazi yangu ya Jumamosi, siku ambayo sikwenda ofisini mjini. Mashine ya kuzikata tuliinunua kwa familia moja ya mtaa wa Muthangari iliyokuwa ikihama. Ilikuwa ya petroli, yenye mpini mrefu na uzi wa plastiki unaozunguka kule chini.

Mvua zilipoanza, ikagoma kuwaka. Nilitoa plagi, nikaisugua masizi, wapi. Nikafungua kabureta, nikakuta petroli ya zamani imeganda ndani kama gundi. Nikaiosha, nikapuliza vitundu kwa mdomo, nikarudisha kila kitu nilivyokumbuka. Nikailaza chini na kuvuta kamba.

Ilinguruma papo hapo, kwa nguvu zake zote. Sikuwa nimegusa kifyatuo cha mafuta. Uzi ukaanza kuchapa udongo, mashine ikaruka na kujigeuza kama nyoka aliyekanyagwa. Niliudaka mpini, nikabonyeza swichi ya kuzima. Haikuzima. Nikabonyeza tena na tena.

Ndipo nikamwona mama. Alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni, mkono mmoja ukutani, fimbo mbele, akija moja kwa moja kwangu. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nilimpigia kelele arudi, lakini hata mimi sikuisikia sauti yangu. Nikiuachia mpini, mashine itamrukia miguuni. Nikiendelea kuushika, ataufikia uzi. Mkojo ulinitoka, sina haya kusema.

Niliukandamiza mpini kwa goti na kunyoosha mkono kuchomoa waya wa plagi. Umeme ukanipiga hadi begani. Mama alikuwa amefika kwenye kamba ya nguo. Vidole vyangu vikapapasa kando ya kabureta, vikakuta kishikio kidogo cha choki, nikakisukuma kikafunga hewa. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikakata.

Uzi ulisimama hatua mbili kutoka kwa fimbo yake.

"Umezima ama imezimika?" mama akauliza.

"Nimezima."

"Nilisikia ni kama unalia. Uko sawa?"

Nilimwambia niko sawa, arudi ndani. Nilikaa palepale kwenye matope mpaka injini ilipopoa.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, niliibeba kabureta, kebo yake na ile swichi kwenye mfuko hadi kwa fundi mjini. Aliziangalia kidogo tu.

"Madam, kebo ya mafuta ulirudisha ikiwa imepinda, ikakwama wazi. Na huu waya mdogo wa swichi hukuufunga kabisa. Ulikuwa unabonyeza kitu haijaunganishwa."

Akanifungia kebo mpya, akanionyesha waya unakwenda wapi.

Ilipita karibu mwezi kabla sijajaribu kuiwasha tena. Nilimketisha mama sebuleni, nikafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, nikauweka mfukoni. Nikavuta kamba. Ikawaka polepole, na nilipobonyeza swichi, ikazima. Niliiwasha na kuizima mara sita au saba, bila kukata hata jani moja, mpaka mama akaniita kutoka ndani akiuliza kama imeharibika tena.