Meno Niliyoyashona kwa Uzi Mweusi

Mara ya kwanza nilidhani ni kosa la kitambaa. Nilikuwa nimeketi dirishani kwetu, katika uchochoro ulio nyuma ya Ndia Kuu, barabara ya maduka ya mji wetu wa pwani, nashona kofia. Nilikuwa nimefika safu ya nne ya vitobo, vile vitundu vidogo vinavyotobolewa kwanza, kisha kila kimoja kikazungushiwa uzi, nikaona kitobo kimoja hakipo. Nikageuza kitambaa, kile kikarudi, kikakosekana cha pili yake. Nikainua uso kumtazama mamangu aliyekuwa akichambua mchele, na nusu ya uso wake haikuwapo. Si kwamba palikuwa na giza. Hapakuwa na kitu. Halafu kandokando ya pale pasipo kitu yakaanza kumeremeta meno, kama ya msumeno, yakitetemeka na kukua kuelekea kushoto, mpaka yakaenda zake. Yote hayo yalichukua muda wa chungu cha wali kuiva. Nilipoanza kuona sawasawa tena nilikuta nimejichoma kidole, na kofia ya watu ina tone la damu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nina miaka ishirini na minne, na sikujua kitu chochote duniani kama nilivyojua kushona kofia. Nasema hivyo bila haya. Wenye maduka wa Ndia Kuu waliitambua kazi yangu kabla hawajaambiwa ni ya nani. Kwa hiyo meno yale yaliporudi baada ya wiki mbili, na mwezi uliofuata yakarudi mara tatu, sikuogopa upofu peke yake. Niliogopa kunyang'anywa sindano.

Na wa kuninyang'anya alikuwapo. Ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu babangu, ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alitupenda, lakini alipenda zaidi kusikilizwa.

"Ni hizo kofia," alisema, akinionyesha macho yangu. "Mato hayauzwi dukani. Weka sindano tini."

"Daktari hajanambia hivyo, ami."

"Basi nenda akwambie. Mpaka Mfungo Mosi, mwezi wa Idi. Ukiya na jawabu, haya. Ukikosa, sindano basi."

Nikashika njia. Nilianzia kwa muuza miwani kule Tononoka, akanisomesha herufi ukutani. Nikazisoma zote hadi zile za mwisho zilizo kama sisimizi, akafurahi, akanipa miwani hata hivyo. Wiki ile ile nikayaona meno yangu tena, safari hii kupitia kioo.

Kisha nikaenda hospitali moja, nikakaa benchini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Daktari alikuwa kijana, amechoka. Akanimulika tochi jicho la kulia, akanimulika la kushoto.

"Macho mazima. Umeolewa?"

"Bado."

"Basi ni wasiwasi tu huu. Ukiolewa utaisha."

Nikamuuliza ndoa hiyo ni ya vidonge au ya matone, na ni kutwa mara ngapi. Muuguzi aliyesimama mlangoni alicheka, daktari hakucheka. Niliondoka na karatasi isiyo na kitu.

Majirani nao hawakukaa kimya. Huyu alisema nimepigwa jicho, kwa kuwa kofia zangu zinasifiwa mno. Yule alisema ni jini anataka ngoma. Shoga yangu mmoja akasema ni pilipili. Maalim wa mtaani aliniandikia kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani akazisuuza kwa maji, nikalinywa, maana dua haikataliwi, naye alikuwa na akili kuliko wote: aliniambia ninywe, na kwa daktari nisiache kwenda. Waliobaki walinitupia ile methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitamani kumpiga mtu. Nilificha nini mimi? Nilitangaza uchochoro mzima, wakawa hawanisikii.

Taabu yenyewe ilikuwa hii: nikifika kwa daktari, meno yamekwisha kwenda. Huwezi kumshika mwizi ambaye kila askari akija yeye yuko kwao amelala. Na maneno hayakunitosha. Nikisema "naona meno," watu hutazamana. Nikisema "sioni nusu," huniuliza nusu ya jicho gani, nami sijui, kwa kuwa niliona vile kwa macho yote mawili.

Siku moja, yalipokwisha kupita, nilichukua kipande cha kitambaa cheupe na uzi mweusi, nikayashona. Niliyashona kwa hasira, kabla sijayasahau: mahali yalipoanza, yalivyopanuka, yalivyojikunja upande wa kushoto kama mwezi mchanga, na pale katikati pasipo kitu nikapaacha patupu. Yaliporudi tena nikayalinganisha, nikafumua na kurekebisha. Nikashona sura nne pamoja, ya kwanza mpaka ya mwisho. Sijapata kushona kazi safi kuliko ile. Niliwaza: haya, na aje mtu aniambie haya nayo ni wasiwasi.

Mamangu alikiona kitambaa juu ya mto wangu. Alikishika akakitazama sana, akakirudisha. Asubuhi yake nilipokitafuta sikukipata.

"Mama, kitambaa changu kiko wapi?"

"Nimekiweka. Si kitu cha kuonwa na watu."

Nililia kwa hasira. Nilimwambia kwamba ananionea aibu, kwamba yeye na ami ni wamoja, na mengine ambayo mtu hamwambii mamake. Alikwenda jikoni akaendelea kukuna nazi, nami nikamchukia siku mbili nzima.

Zikabaki siku chache Mfungo Mosi uingie. Nikasikia kuna daktari wa macho, mwanamke wa kutoka bara, kwenye kliniki ndogo upande wa Buxton. Mamangu akavaa buibui lake, akasema twende sote. Sikumkaribisha wala sikumkataza.

Daktari yule alinitia matone, akanipima kwa mashine yake, akaandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa niambie, dada. Unaona nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wameniuliza kama naona vizuri. Nikaanza kuchora hewani kwa kidole kama mjinga, huku moyoni nikimlaani aliyenifichia kitambaa. Ndipo mamangu alipotia mkono ndani ya buibui, akakitoa, akakitandaza juu ya meza.

Daktari akainama. Akapita na kidole sura moja baada ya nyingine.

"Ukifunga jicho moja yanaondoka?"

"La. Yapo palepale."

"Ukifunga yote mawili?"

"Yapo palepale."

Akaegemea kiti. Akasema macho yangu hayana kosa, na kushona hakujaniharibu kitu. Kinachochora meno yale ni ubongo, si jicho. Ni kipandauso.

"Lakini kichwa hakiniumi," nikasema.

"Wako ambao hakiwaumi. Huja meno tu, yakaenda." Akanieleza kwamba hakuna dawa ya kuyakomesha kabisa, kwamba yakija niweke kazi kando mpaka yapite, na kwamba yakizidi saa moja, au mkono ukifa ganzi, nirudi mbio. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwingine mwenye hali hii? Mara nyingi hurithiwa."

"Hakuna," nikasema.

Mamangu alikuwa bado ameinamia kitambaa. Akaweka kidole kwenye sura ya kwanza.

"Hapa kasahau kitu," alimwambia daktari kwa sauti ndogo. "Kabla ya meno huya nuru ndogo, hapa kati, kama punje ya mtele. Ndipo yafuate."

Nikakumbuka. Ilikuwa kweli. Punje ile ilikuwapo kila mara, nami sikuwahi kuishona.

Tulirudi kwa miguu. Nilimuuliza aliwezaje kunitazama mwaka mzima nikisomeshwa herufi, nikiambiwa nina jini, naye anajua. Akasema, "Niliogopa, mwanangu." Basi. Nilimkasirikia kwa ajili ya neno lile, na kusema kweli, hata leo hasira ile haijanitoka yote.

Ami alikuwa akitungoja sebuleni, juu ya kochi lake. Nikampa jawabu lote, jina lake na maelezo yake. Alisikiliza vizuri. Halafu akapangusa magoti, akamgeukia mamangu.

"Alhamdulillahi. Lakini hata hivyo, aache kushona. Kuacha hakumdhuru mtu."

Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo, maneno yangu yamejipanga. Mamangu alinitangulia. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimjibu shemeji yake.

"Miye niliacha," alisema. "Mamako, Mungu amrehemu, aliniondoa sindano mkononi mwezi wa tatu wa harusi yangu, papo hapo ulipoketi, akanambia ndiyo inipofuayo. Na nilikuwa nashona kumshinda huyu. Nikaacha. Mwaka wa ishirini na sita huu sijashika sindano, hata vifungo vya wanangu nawapa watu wanishonee, na meno yale hayajaniacha hata mwezi mmoya. Haya, sasa mwambie na huyu aache. Mwambie, niko hapa nasikiza."