Jeli Yangu Ilipoganda

Nichekeni taratibu, wenzangu. Kidonda bado kibichi. Nilikuwa nawania tuzo ya ubunifu wa kemia ya viwandani kwa jeli ya mwani, na kila nilipoipika ilikataa kuganda. Asubuhi waamuzi walipofika kwetu Kilindoni, nilifungua friji ya shangazi nilimoiweka jeli usiku, nikakuta bakuli limeganda, jeupe kama mbalamwezi. Nililia kwa furaha. Nikawakatia waamuzi vipande kwa mbwembwe, hata harufu ya iliki nikaiita ushahidi wa mwani uliosafishwa vyema.

Shangazi akachungulia mlangoni.

"Mwanangu, faluda ya maziwa niliyoigandisha kwa hitima ya marehemu mjomba wako unaigawa kabla ya dua?"

Waamuzi wakaacha kuandika.

"Na jeli yangu, shangazi?" nikanong'ona.

"Yale maji ya mwani? Nimeyamwaga, baba. Yalikuwa yananuka."