Upande wa Kushoto wa Nyumba ya Mama

Miaka ile ya tisini, pale Migori, mama alikuwa akikaanga samaki mbele ya nyumba yetu ya udongo, na askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, hawakuchoka kuja kumwaga mafuta yake. Ramani ya mji ilikuwa ya zamani sana, nayo ilisema mtaa wetu ni wa kulala tu. Biashara marufuku.

Kwa hivyo tuliposikia sheria hizo zitabadilishwa, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Shule niliishia darasa la nane, lakini kichwani tayari nilikuwa na hoteli: viti vya rangi ya samawati, redio, na mama ameketi tu akipokea wageni.

Siku ya mkutano, ofisa wa mipango alitundika ramani mpya. Mtaa wetu ulikuwa mwekundu.

"Nyekundu ni biashara," akasema.

"Sasa nikaange bila kukimbizwa?" mama akauliza.

"Kaanga, mama, mpaka Isebania wasikie harufu!"

Tulicheka, mama akapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza nyekundu inakataza nini.

Kwetu Wajaluo, mume huzikwa kulia kwa nyumba, mke kushoto. Baba alikuwa amelala kulia. Kushoto mama hakupanda hata mboga ya sukuma. Alipafagia tu kila asubuhi, na ndivyo ofisa yule alivyomkuta alipokuja kupima ploti.

"Pazuri hapa. Utajenga nini?"

"Hapa ni pangu pa kulala, siku yangu ikifika."

"Ai, mama! Hapa sasa ni sokoni. Watu hawazikwi sokoni."

"Na huyu mzee wangu je?"

"Huyo aliitangulia ramani."

Alisema akitabasamu, kama mtu anayetupatia zawadi. Mama akaendelea kufagia.

Alikaanga miaka michache bila kuguswa na mtu. Viti vya samawati nilifika kununua viwili. Waliovikalia kwanza ni waombolezaji. Tuliomba kibali cha kumzika nyumbani, tukanyimwa, basi tukampeleka Homa Bay, kwenye boma la shemeji yake, ndugu yake baba. Kwanza tukamjengea kijumba cha mabati, maana mke hazikwi pasipo na nyumba yake. Kisha tukamlaza kushoto, kama alivyotaka.

Kulia hakuna mtu.