Jembe Uwani kwa Mama

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anatafuta mtoto wa pili na hampati. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nilikuwa kijana kama wewe. Nikikusimulia nitakuwa natazama chini. Unisamehe, aibu yake haijanitoka.

Nilikuwa na binti mmoja, Zainabu. Nilimzaa nyumbani kwa mama yangu, Ng'ambo, kama ilivyo desturi ya uzazi wa kwanza. Mkunga alikuwa Bi Mize wa Mpendae, na yeye ndiye aliyelizika kondo la nyuma pembeni mwa uwa. Baada ya hapo, kimya. Zainabu akaota meno, akang'oka meno, akaanza chuo cha Kurani, na mimi sikushika mimba nyingine. Mwanamke aliyezaa akakoma hana pa kulilia. Akisema anaumia, watu humwonyesha mtoto aliye naye.

Nilikwenda hospitali, nikachomwa sindano, nikapimwa. Daktari akaniambia mirija imeziba, tamaa ni ndogo, na kuendelea au kuacha ni shauri langu na mume wangu. Maneno yale sikumfikishia Makame. Nilimwambia tu kuwa nimepangiwa siku nyingine ya kurudi. Mfa maji haachi kutapatapa: nikanywa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, nikafukizwa, nikakandwa na kila mwenye mkono, hadi nikafika kwa mganga mmoja wa shamba, njia ya Bwejuu. Huyo hakunipa dawa, alinipa mtu wa kumlaumu. Alisema kondo la Zainabu lilizikwa limepinduliwa, na aliyelizika ndiye aliyenifunga kizazi.

Nilimkuta Bi Mize kwa jirani yetu, anamkanda mzazi. Sikumwamkia. Mbele ya wanawake waliokuja kutazama mtoto, nilimwambia kuwa yeye ndiye aliyenifunga. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Bi Mize alifuta mikono, akamfunika mzazi wake, akajitanda buibui. Nikamwona bibi wa yule mtoto akimwinua kichanga na kumsogeza mbali naye.

Alasiri ile Bi Mize alinifuata nyumbani kwa mama na jembe.

"Haya, chimba," akaniambia. "Udongo ushalila zamani, lakini chimba, usije ukasema nlikuzuia."

Nililipokea lile jembe. Ndiyo, nililipokea, na nilikuwa nimeshapiga pigo la kwanza Zainabu alipotokea mlangoni, anatoka chuoni. Alijua kilichozikwa pale, maana bibi yake alizoea kumtania kuwa hataweza kuhama nyumba ile. Alitutazama, kisha akamuuliza Bi Mize kwa adabu, kama mtoto anayeomba maji:

"Bibi, mimi ndo nlowafunga wenzangu?"

Kumbe yote alikuwa akiyasikia, minong'ono na mafusho, akajihukumu peke yake.

Bi Mize alimvuta ubavuni. "Hujamfunga mtu, mjukuu wangu. Mimi nlokupokea, nnajua ulivyokuja." Kisha akanigeukia mimi. "Unamlilia asokuja, na huyu alokuja umemwacha ajione mwizi. Tafuta dawa, sikukatazi. Lakini dawa inayotaka mtu wa kuchukiwa, hiyo si dawa."

Akachukua jembe lake akaenda zake.

Jioni nilimweleza Makame alichosema daktari, na kwamba nilimficha.

"Mimi nshachoka zamani," akasema. "Nliogopa utadhani sitaki mwana."

Tukaacha. Siku ya hospitali ilipofika sikwenda, nilikaa nikamsuka Zainabu nywele. Usidhani kuacha kulinipoza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila nikipita nyumba yenye mzazi, harufu ya mafusho ya kichanga ilinifanya nibadili njia.

Nilizunguka mlango kwa mlango nikisema kuwa nilimsingizia Bi Mize. Wengine walinisikiliza, wengine walicheka, na waliokwenda kumwita wakazidi kupungua. La kuvunda halina ubani. Mwenyewe alinisamehe kabla sijamaliza kuomba, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Alipofariki niliomba niwe miongoni mwa waoshaji. Nikapewa mikono yake niioshe. Hadi leo naililia, kimyakimya, maana sina haki ya kulia kwa sauti.

Basi, mwanangu, usichanganye kutafuta mtoto na kutafuta mkosaji. Nenda hospitali, nenda na mwenzako, na anachosema daktari mkisikie nyote wawili. Ukiambiwa tamaa ni ndogo, ulizaneni bila ya kufichana: bado tuna nguvu, au tunaogopana tu? Mkiendelea, endeleeni. Mkiacha, si kushindwa, na ruhusa ya kulia mnayo. Lakini mtoto uliye naye mwambie kwa kinywa chako, tena mapema, kuwa hana kosa. Usingoje akuulize. Mimi nilingoja, na aliyeulizwa na kumjibu mwanangu alikuwa yule niliyemdhulumu.

Mungu akujaalie unachokiomba. Na akikunyima, akupe moyo usiomwumiza mtu kwa ajili yake, na nyumba yako aijaze rehema kwa idadi ile ile ya waliomo. Amin.