Nani Ameshika Dele

Habari ilinikuta Firq, karibu na Nizwa, gereji, gari yangu imenyanyuliwa kwa jeki na mie nimekaa kwenye kiti cha plastiki namgombeza fundi. Simu ikalia. Ni mtoto wa dada wa rafiki yangu wa miaka mingi. "Shikamoo mama. Mama mdogo katutoka alfajiri. Wanamzika adhuhuri, huku Ibra." Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wasomaji wangu mnanijua, silii ovyo, lakini siku ile nililia mbele ya mafundi wote, wala sioni haya kulisema. Kisha nikakumbuka kwamba marehemu aliniachia kazi. Tulipoonana mara ya mwisho alikuwa kitandani, sauti imemkauka, ulimi bado mkali vilevile. Aliniambia, "Siku nikifa uje kwetu. Usiangalie nani analia, kulia ni rahisi. Angalia nani ameshika dele. Hilo ndilo uandike."

Dele, birika la kahawa, huku kwetu halishikwi na yeyote tu. Kwenye misiba na harusi za wenye nasaba zao, wapo wanawake wa koo fulani ambao kazi yao ni kumimina, na wapo wa koo nyingine ambao kazi yao ni kunywa. Mababu wa hawa waliwatumikia mababu wa wale, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Utumwa ulikwisha, dele likabaki. Anayemimina huanzia kwa mwenye heshima kubwa, akazunguka mpaka mwisho, kisha yeye mwenyewe huenda kunywa jikoni. Tumezoea hivyo, na tukiulizwa tunasema ni mila tu, hakuna ubaya.

Yeye aliuona ubaya, na akaufanya kuwa kazi ya maisha yake. Serikalini cheo chake kilikuwa na jina refu ambalo mwenyewe alilicheka. Kwa Kiswahili chepesi, alikaa na wakubwa akawatungia taratibu za kuajiri watu, kuwapandisha vyeo na kuwapeleka masomoni, ili mtu asinyimwe haki yake kwa sababu ya rangi yake au ya babu yake. Nasaba alikuwa nayo, tena nzito, maana kwa baba ni watu wakubwa wa Ibra. Kwa mama ni mtu wa Makunduchi, na rangi alichukua ya mama.

Nilimjulia Nizwa, nilipotumwa kuandika habari za mkutano wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunamngoja mshauri kutoka Maskati. Akaingia mwanamke mweusi, mrefu, baibui lake halina hata nakshi, na bibi mmoja wa pale, kwa bashasha kabisa, akamkabidhi dele. "Umechelewa, wageni wana kiu!" Alilipokea, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia kama inavyotakiwa, akamimina chumba kizima, akianzia kwa aliyekaa mlangoni karibu na viatu. Alipomaliza akalitua dele mbele ya mkurugenzi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mshauri, akasema, "Bismillahi. Kahawa mmeshakunywa, sasa tuzungumze." Wallahi sikujua nicheke au nijifiche chini ya meza! Yule bibi alitamani ardhi immeze. Marehemu akamgeukia kwa upole, "Usijali, ndugu yangu. Umefanya ulivyofunzwa, na mie nimekuja kwa ajili ya hilo hilo." Kabla ya kuondoka akaomba jambo moja: pale ofisini dele lishikwe kwa zamu, na zamu ya kwanza iwe ya mkurugenzi. Mkurugenzi, Mungu ampe kheri, alikubali.

Alipigana miaka mingi na swali moja tu, lile la kwenye usaili: "Wewe wa kwa nani?" Wasaili walimwambia wanataka kujuana tu, hawana nia mbaya. Akawajibu, "Kwanza ijueni kazi yake. Babu yake mtamjua harusini." Walimwita mchokozi. Wengine wakauliza mtu mwenye ukoo wake kimemuwasha nini. Na waliomsema zaidi, nalisema bila kupepesa, ni sisi tuliotoka Unguja na Pemba. Tulipokuja huku tulichekwa kwa Kiswahili chetu, tukaitwa Wazanzibari kama vile si watu wa hapa, tukaumia. Tulipopata kazi nzuri na nyumba nzuri, tukageuka kuwafanyia wenzetu yale yale tuliyoyalilia. Leo ukienda Nizwa au Sur unamkuta binti mweusi ni mkuu wa idara, na hapo kwenye kiti chake babu yake haulizwi. Sisemi yote ni kazi ya mtu mmoja. Nasema mimi nilimwona akiifanya wakati wengine tumenyamaza.

Lakini alikuwa na donda lake. Dada yake mkubwa, baba mmoja mama mbalimbali, hakumkubalia hata siku moja. "Hizo haki zako ziache Maskati," alimwambia mbele yangu. "Humu ndani kila mtu anajua pake." Na marehemu alikuwa akicheka kwa uchungu, akisema, "Wizara nimeiweza, dada yangu bado."

Basi nilifika Ibra, nikaingia msibani. Wanawake wamekaa kuzunguka ukuta, dada mtu yuko juu kabisa kwenye takia lake. Na nani ameshika dele? Bibi kizee wa koo zile zile za kumimina, aliyemlea marehemu tangu mdogo, macho yamevimba kwa kulia, anamimina. Nikasema, ya Rabbi, umri wote ule umekwenda bure, hata nyumbani kwake! Bibi akafika kwa dada mtu, akamnyooshea finjani. Dada mtu akaiacha finjani, akashika dele. "Nipe." "Hapana, bi mkubwa, mie nitamimina," akakataa bibi kizee. "Nipe, nimekwambia! Wewe ndiye mfiwa. Umemlea wewe." Akamshika mkono, akamkalisha kwenye takia lake mwenyewe.

Masikini, hajawahi kumimina maishani mwake. Alilishika dele mkono wa kulia, kahawa ikamwagika kwenye mkeka. Shangazi yao akapiga kelele kutoka pembeni, "Kushoto, mwanangu, kushoto!" Tukacheka huku tunalia. Bibi kizee akanywa. Kwetu aliyetosheka huitikisa finjani, na yeye miaka yote, akipewa kwa bahati, huitikisa baada ya ile ya kwanza ili asimsumbue mtu. Siku ile hakuitikisa. Aliinyoosha tena, na dada mtu akammiminia.

Nimeangalia, rafiki yangu, kama ulivyoniagiza, na nimeandika. Taratibu ulizotunga ofisini zitawalinda watu kazini, ila nyumbani kwetu hakuna mkurugenzi wa kutupangia zamu. Hiyo ni juu yetu wenyewe. Kwa hiyo wewe unayenisoma, msiba ujao au harusi ijayo, usikae ukingoja kuletewa. Inuka, ushike dele.